CHANJO NA AMANA: MZAZI ANAOGOPA NINI?



Ndugu zangu katika imani, somo letu la Ijumaa hii ni chanjo. Mara nyingi tunasikia wakubwa wakisema kwamba mzazi wa Masisi au Walikale anayemficha mtoto wake wachanjaji wakija ni mjinga. Tusilipokee neno hilo haraka. Kwanza tuulize: mzazi huyo ameona nini?

Tukumbuke Oktoba 2009. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipanga kuchanja watoto dhidi ya surua katika sehemu zilizokuwa mikononi mwa FDLR. Waliomba usalama kwa pande zote zinazopigana, nazo zikakubali. Tarehe 17 akina mama walitoka na watoto mgongoni, maelfu ya watu, wakakusanyika penye vituo 7. Siku hiyohiyo jeshi la serikali likashambulia palepale. Watu wakakimbia ovyo. MSF wenyewe walisema hadharani kwamba waliona wametumiwa kama chambo. Chambo, ndugu zangu, ni kile anachowekewa samaki kwenye ndoana! Basi mama aliyekimbia siku ile, ukimwita tena kwa kipaza sauti aje na mtoto, atakuja kwa moyo gani?

Ikaja Ebola, Agosti 2018, upande wa Beni na Butembo, na mwaka 2019 ikafika hadi Pinga, Walikale. Watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga tangu 2014 na kilio chao hakikusikika. Ghafla wakaona magari mengi na pesa nyingi. Desemba 2018 wenzao wakapiga kura, wao wakaambiwa wangoje, sababu mojawapo ikiwa Ebola. Wengi wakasema ugonjwa huu ni siasa. Na Septemba 2021 tume huru ilieleza jinsi baadhi ya waliokuja kupambana na Ebola walivyowadhulumu wanawake kwa ahadi za kazi. Huo si uvumi.

Wala si sisi peke yetu. Huko Tuskegee, Marekani, toka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila dawa ili ugonjwa wao uangaliwe tu, nao hawakuambiwa ukweli. Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni ya dawa ilijaribu dawa mpya kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo. Ilipoletwa chanjo ya polio, mwaka 2003, Waislamu wenzetu wa Kano wakaikataa.

Hofu yao ilikuwa na mzizi. Lakini polio haijali mzizi wa hofu: ilitoka Nigeria ikaingia nchi nyingine nyingi, na 2005 ikafika hata Indonesia. Kano walirudi kwenye chanjo mwaka 2004, baada ya kuletewa iliyotengenezwa katika nchi ya Waislamu. Waliuliza, wakajibiwa.

Na kwetu? Toka mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo. Ebola ile yote, hadi ilipokwisha Juni 2020, iliua 2,287. Lakini surua haikuletewa magari.

Suratul Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuifuata. Amri hiyo inamhusu anayeleta maneno kwa simu kama inavyomhusu anayeleta sindano. Mzazi ana haki ya kumuuliza muuguzi: hii ni ya ugonjwa gani? Imetoka wapi? Mtoto akipata homa usiku, nije kwa nani? Muuguzi anayekasirikia maswali hayo amesahau yaliyotokea mwaka 2009. Nao wanaopanga chanjo wasichague mahali kabla ya kuwauliza wazee na akina mama njia ipi iko salama, wala wasifuatane na bunduki.

Sindano ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akitimiza miezi 9. Baba, mama, leo ukirudi nyumbani tafuta kadi ya mtoto. Ikiwa nafasi hiyo bado iko tupu, nenda nayo kituo cha afya Jumatatu, pamoja na maswali yako.