Kuweka R bila neno la siri la msimamizi, hapa Walikale

“Papa, hii mashini inakatala.”

Mama anayeingiza takwimu alinigeuzia skrini. Windows ilikuwa inadai neno la siri la msimamizi, naye msimamizi yuko Goma, na mafuta ya jenereta yalikuwa yamebaki ya saa tatu.

Tulitaka kuweka R, programu ya takwimu, ili tufuatilie surua wiki kwa wiki, kituo kwa kituo. Excel inachora, sikatai. Lakini teritwari ya Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na ripoti za vituo vya mbali hutufikia kwa pikipiki wiki mbili baadaye. Kila zikifika, kwa Excel unaanza kupanga upya kwa mkono. Kwa R amri ziko tayari: unaongeza mistari mipya kwenye faili, unaziendesha tena, basi.

Jambo ambalo ningependa kila mwenzangu wa zoni ya afya alijue ni hili: neno la siri la msimamizi linalinda folda ya Program Files na mipangilio ya mfumo mzima. Folda yako wewe mwenyewe, ile yenye jina lako ndani ya Users, una haki ya kuandika humo. Na R inatosheka na folda ya kawaida. Inaweza hata kukaa kwenye flashi na kuendeshwa humo humo.

Kabla ya yote nilimwandikia ujumbe mtu wa informatiki nikamweleza ninachotaka kufanya. Kompyuta ni ya kazi, ina majina ya wagonjwa. Usijifiche, wala usijaribu kuvunja neno la siri la mtu. Kuna ofisi zinazozuia programu yoyote iliyo nje ya Program Files. Kama yenu ni hivyo, kazi itaishia kwa mtu huyo huyo.

Alipokubali, nilifungua tena faili ya kusakinisha. Kisanduku cha neno la siri kilipotokea nilibonyeza “Non”, na usakinishaji ukaendelea kwa akaunti yangu peke yake. Ilipouliza mahali pa kuweka, nikaandika folda fupi isiyo na nafasi wala herufi zenye alama. Hapo wengi hukwama: sisi tuna majina kama Désiré na Espérance, na baadhi ya paketi, yaani nyongeza za R, hazizipendi herufi hizo katika njia ya faili. Baada ya dakika chache nikaingia kwenye folda ya bin, kisha x64, nikabonyeza Rgui mara mbili. R ikafunguka.

Sikujua kwamba ugumu wenyewe ulikuwa bado, kwenye paketi. Nilikuwa nimekuja na ggplot2, paketi ya kuchora grafu, peke yake kwenye flashi. Nikaiita, R ikajibu kwamba inakosa paketi nyingine. Nikanunua mega, nikashusha hiyo moja; ikadai ya pili, kisha ya tatu. Mega zikaisha, jenereta ikazimika, nasi hatujachora hata mstari mmoja.

Safari iliyofuata nilijipanga nikiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri. Kwenye kompyuta yenye R niliandika:

p <- tools::package_dependencies("ggplot2", db = available.packages(), recursive = TRUE)
download.packages(c("ggplot2", unlist(p)), destdir = "E:/paketi", type = "win.binary")

Amri ya kwanza inatafuta paketi zote ambazo ggplot2 inazitegemea, pamoja na zile ambazo hizo nazo zinazitegemea. Ya pili inazishusha zote kwenye flashi. Tengeneza kwanza folda ya paketi, na badala ya E weka herufi ya flashi yako. Italalamika kwamba haioni grid, stats na nyingine chache. Usijali, hizo huja na R yenyewe. La kuangalia sana ni toleo: paketi zilizoshushwa kwa R 4.3 ziende kwenye R 4.3. Kwa hiyo beba na faili ya kusakinisha ya toleo hilo hilo kwenye flashi hiyo hiyo.

Nilipofika Walikale, bila mtandao wowote, nikaandika:

install.packages(list.files("E:/paketi", full.names = TRUE), repos = NULL, type = "win.binary")

Mistari ikapita mmoja baada ya mwingine, na safari hii haikudai kitu.

Kikabaki kikwazo kimoja cha nchi zetu zinazotumia Kifaransa. Excel yetu inapohifadhi CSV hutenganisha safu kwa nukta-mkato, na desimali huandika kwa mkato. Ukisoma faili hiyo kwa read.csv, safu hazitenganishwi inavyotakiwa. Tumia read.csv2, imetengenezwa kwa ajili hiyo.

R ni programu huria tangu enzi za Ross Ihaka na Robert Gentleman walioianzisha Auckland, New Zealand, kwa hiyo kumnakilia mwenzako ni halali kabisa. Flashi ile sasa ina folda mbili tu, R na paketi, na hakuna hata jina moja la mgonjwa. Mama wa takwimu ameifunga ndani ya kipande cha plastiki kwa ajili ya mvua. Kesho inapanda pikipiki kwenda kwa wenzetu wa Itebero.