SOMO: DOZI YA MMOJA HAIWAPONYI WAWILI

Magonjwa ya zinaa tunaona haya kuyataja, lakini mficha maradhi kifo humwumbua. Katika somo hili tujifunze jambo moja: mtu akitibiwa na mwenzi wake asitibiwe, ugonjwa hurudi.

1. Sababu yake
Klamidia na kisonono mara nyingi hukaa mwilini bila dalili, hasa kwa wanawake. Mume hupona hospitalini, akirudi nyumbani huambukizwa tena. Wakati huo ugonjwa waweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi ya mke na kumnyima watoto.

2. Sheria ilivyorekebishwa
Kwa kawaida daktari hamwandikii dawa mtu asiyempima. Kanuni hiyo ni njema, yatulinda. Lakini wenzi wengi hawafiki hospitali, kwa haya au kwa kukosa fedha. Kwa hiyo jimbo la California, huko Marekani, lilirekebisha sheria. Tangu 2001 daktari aweza kumpa mgonjwa wa klamidia dawa ampelekee mwenzi wake. Tangu 2007, mgonjwa wa kisonono pia. Majimbo mengi mengine yanafuata njia hiyo.

3. Mipaka yake
Dawa hupelekwa pamoja na maelezo: ni ya nini, nani asiitumie, na kwamba mwenzi bado apaswa kwenda kupimwa. Njia hii haifai kwa kaswende, ambayo huhitaji kupimwa damu na, kwa kawaida, kuchomwa sindano. Wala haimfai mgonjwa anayehofia kupigwa akipeleka habari hiyo nyumbani.

4. Na sisi je?
Hii si ruhusa ya kugawana vidonge. Huko kila mmoja hupata dozi yake kamili kwa amri ya daktari. Dozi moja ikigawanywa, wote wawili hubaki wagonjwa. Basi ukitibiwa, mwambie mwenzako, nendeni pamoja, na msikutane kimwili mpaka muda aliowapa daktari uishe. Nawe ukiambiwa, usianze kwa kuuliza, "Umeutoa wapi?" Tafuteni dawa kwanza, mazungumzo mengine yatafuata.

Maswali ya kujadiliana
(a) Ni nini humzuia mtu kumwambia mwenzi wake?
(b) Tumsaidieje anayeogopa kusema?