NAMBA TASA 2147483647



Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, mfano 2, 3, 5, 7 na 11. Tulipofundisha somo hili tuliandika ubaoni: 2²−1 ni 3, 2³−1 ni 7, 2⁵−1 ni 31, 2⁷−1 ni 127. Zote tasa. Tukasema, basi kipeo kikiwa tasa, jibu nalo huwa tasa daima. Siku ya pili akaja binti mmoja na daftari lake: "Ustadhi, 2¹¹−1 ni 2047, na 2047 ni 23 × 89." Ikabidi tufute ubao mbele ya darasa zima. Mifano minne haikuwa uthibitisho.

Sasa tazameni 2³¹−1, yaani 2147483647. Tutajuaje kuwa haina kigawo? Njia ya kawaida ni kujaribu kila namba tasa mpaka kufikia kipeuo chake cha pili, takriban 46340. Hizo zinakaribia elfu tano! Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg nchini Urusi, aliipunguza kazi hiyo. Alijua kuwa kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 62 (mara mbili ya 31), lazima kibakishe 1. Rudini kwenye 2047 mwone: 23 na 89, kila moja ukiigawanya kwa 22 inabaki 1. Akaongeza sharti jingine, kwamba ukikigawanya kwa 8 kibakishe 1 au 7. Zikabaki namba zisizofika 400, na hakuna hata moja iliyoigawanya. Mwaka 1772 akaeleza kuwa ni tasa, ilhali macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa.

Namba hizi zina ndugu zake, namba kamilifu, ambazo jumla ya vigawo vyake (yenyewe isihesabiwe) ni sawa na yenyewe: 6 ni 1+2+3, na 28 ni 1+2+4+7+14. Euclid alionyesha kuwa 2³¹−1 ikiwa tasa, basi ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata namba kamilifu. Vivyo hivyo kwa nyingine za namna hiyo. Ibn al-Haytham wa Basra, katika karne ya 11, akasema hakuna namba kamilifu ya shufwa isiyopatikana kwa njia hiyo, ila uthibitisho wake haukukamilika. Aliyeukamilisha, zaidi ya miaka 700 baadaye, ni huyo huyo Euler. Ama kuhusu witiri, mpaka leo haijulikani kama iko iliyo kamilifu.

Zoezi: 2¹³−1 ni 8191. Je, ni tasa? Gawanyeni kwa namba tasa zinazobakisha 1 kwa 26, msivuke 90. Ni mbili tu. Leteni daftari Jumamosi, inshaallah.