Mashine ya Stika Ikikata Vibaya, Usikimbilie Kuongeza Nguvu



Somo la leo linawahusu hasa vijana wa vikundi vya ufundi waliofungua vibanda vya stika hapa Mwandoya na vijiji vya jirani. Lakini nawe mwenye pikipiki au duka usifunge gazeti. Stika mbovu unailipia wewe.

Zamani jina la duka liliandikwa kwa brashi na rangi, fundi akakaa juu ya ngazi kutwa nzima. Mapema miaka ya 1980 kampuni ya Gerber ya Marekani ilianza kuuza mashine ya kukata herufi za plastiki yenye gundi. Siku hizi mashine za namna hiyo ni ndogo, zinakaa juu ya meza, na zimefika mpaka kwetu. Kompyuta inatoa umbo, mashine inakata.

Inakatwa nini hasa? Plastiki ya stika ina tabaka mbili. Juu ni plastiki ya rangi yenye gundi mgongoni. Chini ni karatasi laini ya kubandulia. Kisu kinatakiwa kikate plastiki na gundi, halafu kiishie hapo. Karatasi ibaki nzima. Sasa sikiliza: plastiki ya kawaida ina unene wa kama milimita 0.08 tu, karibu sawa na karatasi moja ya daftari. Kisu kikipungukiwa nusu ya unene huo, stika haibanduki. Kikizidi kidogo, kinatoboa mpaka chini. Ndiyo maana kosa dogo tu linaharibu kazi nzima.

Dalili fundi anaiona wakati wa kuchambua stika, yaani kung'oa vipande visivyotakiwa. Kingo zina meno. Herufi inayotakiwa ibaki inang'oka pamoja na takataka. Mteja anakuja, anaangalia, anauliza, "Kaka, hii M mbona imeliwa na panya?"

Hapo wengi wanafanya jambo moja: wanaongeza nguvu ya kisu. Isipokata wanaongeza tena. Hebu tufikiri. Ukiwa na kisu butu cha kukatia nyama, ukakandamiza kwa nguvu, nyama inakatika vizuri? Haikatiki, inachanika. Na kwenye mashine kuna hasara ya pili. Chini ya njia ya kisu kuna ukanda mweupe wa plastiki. Kisu kinachokandamizwa mno kinauchimba ukanda huo mpaka unakuwa na mfereji. Baadaye unanunua kisu kipya, unakifunga, nacho hakikati vizuri, kwa sababu stika inadidimia ndani ya mfereji. Ulikuwa na ubovu mmoja, sasa una miwili, na bado unalaumu mashine.

Basi tuanze na kisu. Zima mashine. Toa kishikio, chomoa kisu polepole. Ncha usiiguse kwa kidole wala usiigonge popote. Mara nyingi utakuta kipande cha plastiki kimeng'ang'ania, au gundi iliyoshika vumbi. Hapa kwetu vumbi la kiangazi linaingia kila mahali, na msimu wa pamba nyuzi zinaruka hewani. Futa kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Tazama ncha juani ukitumia kioo cha kukuzia. Ikiwa imevunjika au imekuwa ya mviringo, kisu hicho kimekwisha. Usikinoe kwa jiwe, jamani, hicho si kisu cha jikoni. Kisha kirudishe ndani ya kishikio ujaribu kukizungusha. Lazima kizunguke chepesi. Kikikwama, kona zote zitaharibika.

Visu haviko sawa. Kwa plastiki ya kawaida hutumika kisu cha nyuzi 45. Kwa plastiki nene hutumika cha nyuzi 60. Zile stika zinazong'aa usiku zikimulikwa na taa huchakaza kisu upesi, kwa hiyo ni vizuri kuwa na kisu chake cha pekee.

Kisu kikiwa kizima, angalia kimetokeza kiasi gani. Chukua kipande cha plastiki kilichobaki, shika kishikio kwa mkono, kipitishe juu ya plastiki kama unapiga mstari kwa kalamu. Plastiki ikatike, na karatasi ya chini ionyeshe mkwaruzo hafifu tu. Karatasi ikitoboka, rudisha kisu ndani kidogo.

Sasa ndiyo tunafika kwenye nguvu. Mashine nyingi hupima nguvu kwa gramu. Kwa plastiki ya kawaida na kisu kizima anza na gramu 80. Kata mraba wa sentimita 2 wenye pembetatu ndani yake. Bandua mraba. Ukitoka wenyewe na pembetatu ikabaki chini, umefika. Ukigoma, ongeza gramu 10, ukate mwingine. Ukivuka gramu 120 bila mafanikio, simama. Ubovu uko mahali pengine.

Mahali pengine ni wapi? Ikiwa mashine inaruka sehemu ile ile kila mara, tuseme upande wa kushoto tu, pitisha ukucha juu ya ule ukanda mweupe. Ukikwama kwenye mfereji, badilisha ukanda. Ikiwa mstari unayumba kwenye kazi ndefu, tazama magurudumu ya mpira yanayobana plastiki, kama yanabana sawasawa pande zote. Tena usiiache mashine ivute plastiki kutoka kwenye bunda zito. Kunjua kwanza urefu unaotosha kazi, uache ukilegea.

Kona zinahitaji maelezo zaidi, na wakulima mtanielewa upesi. Plau haiko pale walipo ng'ombe, inawafuata nyuma. Ng'ombe wakikata kona ghafla, plau inakata kona kwa mviringo na ardhi inabaki bila kulimwa. Kisu hiki nacho ncha yake iko nyuma kidogo ya kitovu chake. Mashine lazima iambiwe ni nyuma kiasi gani, ili ipitilize kidogo kabla ya kugeuka. Kwa visu vingi vya nyuzi 45 kipimo hicho ni milimita 0.25. Soma pakiti ya kisu chako. Kona zikitoka za mviringo, ongeza kipimo. Zikitoka na vipembe vilivyochomoza, punguza. Herufi O isipofunga mwisho wake, anza kutazama hapo pia.

Na safari nyingine mashine haina kosa lolote. Kama mviringo unatoka na ngazi ngazi, kata duara tupu lililochorwa na kompyuta yenyewe. Likitoka safi, ubovu uko kwenye picha aliyoleta mteja. Ichoreni upya. Kwa herufi ndogo punguzeni pia mwendo wa mashine.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mita 1 ya plastiki yenye upana wa sentimita 60 imenunuliwa kwa sh. 5,000. Kikundi kinachobahatisha kinakata kazi nzima kila mara, nusu mita kwa jaribio. Majaribio 8 ni mita 4, yaani sh. 20,000. Kikundi cha pili kinakata miraba 8 kwa mstari mmoja, kuvuka upana wa plastiki. Kinatumia sentimita 3 tu za urefu. Hiyo ni sh. 150.

Vikundi vingi vya namna hii vilianza kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, ni kweli, lakini rejesho linadaiwa hata mashine ikiwa imefunikwa turubai. Kabla ya kikao kuamua kuiuza kwa bei ya kutupa, kaeni na mashine asubuhi moja, mfuate hatua hizi kwa zamu, mmoja akiandika kila kipimo kwenye daftari.

ZOEZI
1. Mashine inakata vizuri kulia, kushoto haikati. Utatazama nini kwanza?
2. Kona za herufi E zimekuwa za mviringo. Utaongeza au utapunguza kipimo?
3. Kwa bei ile ya sh. 5,000 kwa mita, kikundi kimeharibu mita 7 kwa mwezi. Kimepoteza shilingi ngapi?