Mdogo Wangu, Kabla Hamjapanda Meli Hiyo

Haya, mdogo wangu, sogea tuzungumze. Mmeweka nia, wewe na mwenzio, kwenda Afrika Magharibi kujitolea kwenye meli ya hospitali ya Mercy Ships. Nimefurahi, na furaha yangu ni ya kweli. Ila kuna swali moja nataka unijibu kabla hamjagusa fomu: mmeamua wawili, au ameamua mmoja na mwingine anafuata?

Maana habari za namna hii nazijua. Mke ni muuguzi, moyo unamwaka tangu aliposikia ushuhuda kanisani. Mume ni fundi umeme, mpole, hapendi ubishi, anasema, "Basi twende tu." Au kinyume chake: mume ana mzuka wa safari, mke analia usiku na asubuhi anakunja nguo. Huyu wa "twende tu" ndiye ninayemhofia. Wala si kwamba ana imani haba. Amemezwa tu na shauku ya mwenzie, na akifika kule akachoka, atamdai mwenzie safari nzima.

Kazi yenyewe ni njema, hilo sitabisha. Meli yao ya Global Mercy ina urefu wa mita 174 na vyumba sita vya upasuaji. Ilifika Dakar mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikaenda Freetown. Inafunga gatini miezi kadhaa mfululizo, watu wanatibiwa humo humo. Utamkuta mtu mwenye uvimbe wa taya uliomkulia miaka na miaka, hata sokoni anapita amejifunika uso. Utawakuta wazee wenye mtoto wa jicho, watoto wa mdomo sungura, wengine miguu imepinda, na akina mama wa fistula waliofukuzwa na waume zao. Wagonjwa hawalipi upasuaji. Wanaolipa ni ninyi: nauli na bima. Unafanya kazi, na unachangia gharama za kuifanya.

Sasa hapo ndipo wengi mnaponitia wasiwasi, kwa sababu hamuwaambii nyumbani. Ndugu wakisikia meli, wakisikia na wazungu wamo, wanadhani mnalipwa dola. Wiki ya tatu simu ya kwanza inaingia: bati limevuja. Ya pili: ada ya mdogo wenu. Ya tatu ni shangazi, hasemi shida yake, anauliza tu hali ya hewa, na wewe unaelewa. Ukisema huna, wanaona umejisahau. Mama mkwe ataweka moyoni kwamba mwanawe amebadilishwa na mkewe, na maneno hayo utayakuta yakikusubiri utakaporudi. Mdogo wangu, usiondoke na siri hiyo. Kaeni na wazazi wa pande zote mbili, mkiwa pamoja, mseme wazi: hatuna mshahara huko, tunakwenda kwa akiba na michango ya watu. Dawa za baba za presha atazinunua nani? Ada ya muhula ujao iko wapi? Kama bado mnadaiwa kwenye kikoba, lipeni kwanza. Mungu hakimbii, na meli zina msimu mwingine.

Jambo jingine ni chumba. Ni kidogo, nakwambia mapema. Nyumbani mkikwaruzana unatoka, unakwenda kwa dada yako, mnachambua mchicha mpaka hasira inashuka. Melini utakwenda wapi? Nyuma ya ukuta analala msimamizi wako wa kazi. Bwalo la chakula ni moja, watu mamia, na ukikaa meza ya mbali na mumeo siku mbili, siku ya tatu mtu atakuja kukuombea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa mliotoka nao nyumbani hauzibwi na bahari. Nawaona wengine wanakwenda ili ndoa ipone. Msifanye hivyo jamani. Pelekeni ndoa yenu kwa mchungaji au kwa wazee waliowasimamia, ipone kwanza, ndipo mpande.

Tena kuna kidonda ambacho hakisemwi. Tuseme wewe uko wodini. Leo umefungua bandeji ya bibi aliyeongozwa na mjukuu wake mpaka gatini, bibi akatazama mikono yake mwenyewe, akaanza kucheka. Jioni unasimulia mpaka chakula kinapoa. Mwenzio ameshinda jikoni anasugua masinia, au chini kwenye injini, masikio yanavuma. Anatikisa kichwa, anatabasamu, na ndani anajiuliza amekuja kufanya nini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hutauona uzito wake mpaka uulize. Kwa hiyo uliza wewe kwanza. Muulize pampu gani imemsumbua, nani kaungua na mafuta, na sikiliza kwa moyo uleule unaomsikiliza nao mgonjwa. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo: taa ya chumba cha upasuaji haiwaki yenyewe, na shuka la yule bibi limefuliwa na mtu.

Na wewe wa jikoni, mvumilie huyo wa wodini. Kuna siku atarudi hana la kusimulia. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilitoa hesabu kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu. Meli moja itawamaliza wapi? Wapo watakaosafiri siku nyingi na kuambiwa haiwezekani. Aliyekuwepo wakiambiwa hivyo haambiwi "omba tu, utasahau." Mkalie karibu, basi.

Mercy Ships yenyewe, kwanza, ilianzishwa na mke na mume. Don na Deyon Stephens, na Deyon mwenyewe alikuwa muuguzi, walianza mwaka 1978 na meli kuukuu ya abiria kutoka Italia. Ilikaa Ugiriki ikitengenezwa, ikang'oa nanga mwaka 1982. Hebu fikiria miaka ile ya kungoja, na watoto wadogo. Yuko pia daktari wa upasuaji Gary Parker, aliyekwenda miaka ya 1980 kwa muda mfupi, akakutana na Susan humo humo melini, wakaoana, wakalea watoto wawili melini. Amehudumu zaidi ya miaka 30. Nawapenda wale. Lakini angalia: Susan alikuwa keshaichagua meli kabla hajamchagua mume.

Kwa hiyo leo jioni zimeni televisheni. Kila mtu achukue karatasi yake, aandike kwa nini anataka kwenda na anaogopa nini, bila kuchungulia ya mwenzie. Halafu badilishaneni. Kwenye karatasi hizo andikeni na tarehe ya kurudi, na mkubaliane tangu sasa kwamba mmoja akitaka kuongeza muda na mwingine anataka nyumbani, mnarudi. Karatasi ya mwenzio ikiwa na mstari mmoja tu, usimkemee. Mpe wiki nzima, kisha muulize tena.