Kabla Hujamlipa Fundi wa Programu, Kaa na Mweka Hazina

Mwaka jana chama cha mamangu kilimlipa fundi wa programu shilingi 85,000. Ni chama cha kina mama 22, kila mmoja anachanga 500 kwa wiki, kwa hivyo hiyo ni michango ya karibu wiki nane. Programu ilikuja baada ya miezi mitatu. Ilikuwa na rangi nzuri, mahali pa kuweka picha, michoro ya akiba, hata sehemu ya kupiga gumzo. Halafu Jumapili moja jioni nikapita kwa mweka hazina, nikamkuta mezani na daftari lake lile lile, kalamu mkononi, akisoma SMS moja moja.

"Auntie, na ile programu?" nikamuuliza.

"Iko kwa simu, mwanangu. Ni nzuri. Lakini haijui nani amelipa."

Shida iko hivi. Wanachama hulipa kwa till ya chama. Mmoja anatumia simu ya bwanake, mwingine ya binti yake aliye Eldoret, mwingine anatuma 300 leo na 200 Alhamisi. Jina linalokuja kwa SMS si lile lililo kwenye daftari, na kazi kubwa ya mweka hazina ni kulinganisha hayo mawili. Hakuna aliyemwambia fundi jambo hili, na fundi naye hakuuliza. Aliambiwa tu, "Tunataka programu ya chama," akatengeneza anachofikiria ni chama.

Kazi iliyorukwa hapo inaitwa uchambuzi wa mahitaji. Ni kujua, kabla programu haijaanza kuandikwa, nani ataitumia, kazi hiyo anaifanya vipi sasa, na inamuumiza wapi. Baada ya hapo ndipo unagawa rasilimali, yaani unaamua pesa, watu na muda viende wapi. Chama hiki kilianza kugawa pesa kabla ya kujua.

Na si vyama tu. Hata M-Pesa haikuanza kama tunavyoijua leo. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiwa na wateja mia chache tu. Vodafone na Safaricom walishirikiana na Faulu Kenya, na sehemu ya pesa za mradi ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa mikopo: mteja wa Faulu apokee mkopo wake kwa simu na aulipe kwa simu. Kwenye karatasi, hayo ndiyo yalikuwa mahitaji.

Lakini Nick Hughes na Susie Lonie, watu wa Vodafone waliosimamia mradi, waliangalia wateja wanafanya nini hasa. Wapo waliolipia watu wengine mikopo yao. Wapo waliotumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari wakazitoa walikoenda, simu ikawa sefu ya njiani. Wakati huo huo ile sehemu ya mikopo ndiyo ilikuwa na maumivu. Wakopaji wa Faulu walikuwa kwenye vikundi, wanadhaminiana na kukutana kila mara, na mtu akishalipa kwa simu, mkutano aende kufanya nini? Huko ofisini nako, malipo ya simu yalibidi yalinganishwe na vitabu vya Faulu kwa mkono. (Unaona? Daftari la Auntie lina ukoo mrefu.)

Huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, mikopo iliachwa nje. Ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Mimi nilisomea mambo ya masoko, na chuoni wengi hulisifu lile tangazo. Kwangu uamuzi mgumu ulikuwa kuacha kitu ambacho mradi wote ulipangwa kwa ajili yake.

Rasilimali nazo zikafuata mahitaji. Menyu iliwekwa kwenye laini yenyewe, ifanye kazi hata kwa simu ya bei ya chini, sababu ndizo simu watu walikuwa nazo. Nguvu nyingi ikaenda kwa mawakala: kuwatafuta, kuwafunza, na kuhakikisha wana pesa taslimu na floti. Menyu safi haikusaidii kitu kama wakala wa kijijini hana noti.

Sasa turudi kwako, uwe na duka, chama au shule ndogo. Kabla ya kumtafuta fundi, kaa siku nzima ya malipo na mtu anayefanya hiyo kazi. Usimuulize anataka nini, atakutajia vitu alivyoona kwa jirani. Mwambie akuonyeshe. Kisha andika ukurasa mmoja, na kila hitaji uliandike kwa namna inayoweza kupimwa. "Programu iwe rahisi" haipimiki. "Mweka hazina ajue ndani ya dakika tano nani hajalipa wiki hii, hata kama pesa imetoka kwa simu ya mtu mwingine" inapimika. Picha na gumzo ziandike chini kabisa. WhatsApp mnayo tayari.

Kwa upande wa pesa, usimalize zote kwa kutengeneza. Seva hulipiwa, SMS hulipiwa, marekebisho yatakuja, na kuna mtu atahitaji kufunzwa mara mbili au tatu. Mimi ningeweka kando angalau theluthi moja ya bajeti kwa hayo. Mlipe fundi kwa awamu, na kila awamu itoke baada ya kuona programu ikifanya kazi kwa malipo halisi ya mwezi uliopita. Majina ya kujaribia hulingana siku zote. Na haidhuru fundi ni mpwa wa nani, PIN yako haimhusu.

Chama cha mamangu hatimaye kilihama kutoka till kwenda Paybill, kwa sababu Paybill humwomba mlipaji namba ya akaunti na till haimwombi. Kila mwanachama amepewa namba yake, 01 hadi 22, na ndiyo anaweka hapo. Simu iwe ya bwana au ya binti, namba inakuja na pesa. Bado kuna anayekosea, haswa namba 12 na 21, lakini Auntie anasema sasa daftari analifunga kabla ya taarifa ya habari. Wamepata fundi wa pili pia. Hawajampa hata shilingi. Kwanza amealikwa kwa Auntie, Jumapili jioni.