Mwenzako Akisahau, Usiseme Hakujali

Mama, asubuhi ulimwambia mumeo, "Baba Maria, ukirudi kutoka mjini unipitie pale duka la dawa, vidonge vyangu vya presha vimekwisha." Jioni anaingia na gazeti na mkate. Vidonge hana. Unanuna. Moyoni unasema zamani hakuwa hivi, siku hizi hanijali.

Kabla hujafika huko, fahamu kwamba kukumbuka ni kwa namna nyingi. Ukiulizwa mlifunga ndoa mwaka gani, swali lenyewe linakuamsha. Lakini saa mbili ya usiku haimwulizi mtu kitu. Inapita kimya, na ni juu ya akili yako kujigutusha katikati ya shughuli nyingine. Hapo ndipo miaka inapotulemea. Wataalamu wawili wa Marekani, Gilles Einstein na Mark McDaniel, waliwapima vijana na wazee mwaka 1990. Palipokuwa na ishara ya kuwakumbusha, wazee hawakuwa nyuma ya vijana. Katika majaribio ya mwaka 1995, walipotakiwa kujiangalizia saa wenyewe, wazee walibaki nyuma.

Basi dawa ya jioni msiikabidhi kwa saa. Ikabidhini kwa jambo mnalolifanya kila siku: ugali ukishaepuliwa, au rozari ya jioni ikiisha. Tena msemezane wazi: "Nikishaweka sahani mezani, nitachukua kikopo cha dawa pale kabatini." Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya wazee waliotakiwa kupima sukari nyumbani mara nne kwa siku. Waliopanga hivyo, wapi na wakati gani, wakajiona akilini wakifanya, walikumbuka zaidi ya wenzao.

Simu ikilia pia ni ishara. Shida ni pale inapolia mzee yuko shambani na dawa ziko nyumbani. Anaizima, anasema "nikifika", na jambo limekwenda. Kwa mtu wa umri huo hata kungoja kidogo ni hatari, kwa hiyo akikumbuka, afanye pale pale, chai itangoja.

Nawe usigeuke nyapara. Bwana anayekumbushwa mara kumi mbele ya wajukuu huacha hata kujaribu, na wewe mwenyewe kesho utasahau sufuria jikoni. Gawaneni: huyu ashike kadi za kliniki, yule ashike dawa. Nunueni kile kikopo chenye vyumba vya siku saba, maana bila hicho mtu hujiuliza kama ameshameza au bado. Asiyekuwa na hakika asimeze tena kwa kubahatisha, aulize kliniki kwanza.

Kusahau ahadi kisha kuikumbuka usiku kitandani si ugonjwa. Lakini akipotea njia aliyoipita miaka yote, au akiuliza swali lile lile kila baada ya muda mfupi, au umkumbushe mlivyopatana akane kabisa, mpelekeni hospitali. Msiseme amerogwa. Huzuni nzito, ugonjwa wa tezi la shingo, hata dawa nyingine anazomeza, huweza kuvuruga kumbukumbu, na hayo yana matibabu. Nendeni wote wawili, na mbebe dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na zile za mitishamba, mziweke mezani kwa daktari azione.